Waranti imeisha, friji imegoma: muuzaji bado anadaiwa?

SWALI: Habari za kazi, mwanasheria. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mwaka jana nilinunua friji mpya ya milango miwili dukani mjini kwa shilingi 1,350,000, waranti mwaka mmoja. Ilipofikisha miezi tisa ikaanza kushindwa kugandisha. Nikawapigia, wakamleta fundi wao, akaongeza gesi ikawa sawa. Sasa ina mwaka na miezi miwili na imekufa kabisa, inawaka taa tu. Nimerudi dukani nikaambiwa, "Mama, waranti imeshaisha, hapo huna haki yoyote, tafuta fundi." Wakanionyesha na risiti, imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Fundi wa mtaani anasema mota imeungua, anataka 380,000. Humo ndani nilikuwa nagandisha barafu za ubuyu za kuuza jioni. Je, ni kweli sina haki, au nilipe tu yaishe? Mama Neema.

JIBU: Mama Neema, salama kabisa, na pole kwa hasara. Kabla sijafika kwenye sheria kuna jambo la leo leo: huyo fundi asiiguse friji kwanza. Akishakata mabomba na kuchomelea mota mpya, hata kama kazi yake ni nzuri, ushahidi wako utaondoka naye. Na mara nyingi huondoka kweli, maana mota mbovu ina shaba ndani na mafundi huibeba kwenda kuiuza skrepa. Mwambie asubiri siku chache. Ubuyu omba nafasi kwa jirani.

La pili, tafuta kitabu cha waranti, kisha angalia stika zilizobandikwa mlangoni au ubavuni mwa friji. Kampuni nyingi za friji hutoa waranti mbili kwa mpigo: mwaka mmoja au miwili kwa friji nzima, na miaka mingi zaidi, wakati mwingine hata 10, kwa kompresa peke yake. Kompresa ndiyo hiyo mota anayoisema fundi wako. Wauzaji wengine hawalitaji jambo hili kwa sababu hawalijui, na wengine kwa sababu wanalijua. Ukikuta maandishi ya namna hiyo, nusu ya shida yako imekwisha, kwa sababu waranti ya mota bado iko hai. Soma tu kwa makini, maana kwa kawaida wanatoa mota yenyewe. Ufundi, gesi na usafiri ni juu yako. Usipokuta kitu, bado hujafika mwisho wa njia.

Waranti ni ahadi ambayo muuzaji au mtengenezaji ameitoa kwa hiari yake: ndani ya miezi 12 friji ikiharibika, tutaitengeneza bila mabishano marefu. Ahadi hiyo imewekwa juu ya sheria, na ikiondoka sheria inabaki pale pale. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, katika kifungu cha 16, inamhesabu mfanyabiashara wa friji kuwa amekuahidi, hata kama hakufungua mdomo, kwamba anachokuuzia kina ubora wa kuuzika. Na kama ulimweleza unaitaka kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake kukuchagulia, basi iiweze kazi hiyo. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, nayo ina sehemu inayohusu masharti yanayohesabiwa kuwemo katika mkataba wa mlaji, na nyingine inayohusu wajibu wa watengenezaji. Haki hizi hazifi siku waranti ya duka inapokwisha. Kinachozifunga ni Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ambayo kwa madai ya mkataba inatoa miaka 6. Wewe uko mwaka wa pili.

Usishangilie mapema, lakini. Friji ikiharibika ndani ya waranti, unachotakiwa kuonyesha ni kwamba imeharibika, basi. Waranti ikiisha, inabidi uonyeshe kwamba ubovu wenyewe, au chanzo chake, ulikuwamo tangu siku ulipouziwa. Sheria haimdai muuzaji friji ya kudumu maisha. Inamdai asikuuzie yenye kasoro. Mzigo wa kuthibitisha kasoro hiyo umehamia kwako, na wengi wanaonijia na kesi za namna hii hukwamia hapo, wala si kwenye sheria.

Kesi yako ina nafuu ambayo wengi hawana, na imo katika sentensi uliyoiandika kwa kupita tu: fundi wao akaongeza gesi ikawa sawa.

Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ile ya mtungi wa kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kiwandani, ni ile ile mwaka hadi mwaka. Friji nyingi za nyumbani za siku hizi hutumia gesi ya R600a, tena kidogo mno, makumi ya gramu tu. Kiasi chake kimeandikwa kwenye lebo yenye namba ya friji. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Hakuna maelezo mengine. Fundi aliyeongeza gesi bila kutafuta tundu alikununulia miezi michache tu. Na mota inayofanya kazi na gesi pungufu inazunguka saa nyingi bila kupumzika, kwa sababu ubaridi unaotakiwa haufikiwi. Isitoshe, mota hiyo hupozwa na gesi hiyo hiyo inapoirudia, kwa hiyo gesi ikiwa kidogo, joto linapanda humo ndani hadi nyaya za koili zinaungua.

Ukiupanga mfuatano huo, friji yako ilianza kufa ilipofikisha miezi tisa. Waranti ilikuwa hai, ulitoa taarifa, walikuja, na hawakutengeneza kilichoharibika. Muuzaji anayekwambia habari hii imeanza baada ya waranti amesahau kwamba fundi wake alishaishika friji hii kabla.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuthibitisha ziara ile. Fungua simu yako utafute meseji au mazungumzo ya WhatsApp ya kipindi hicho: ulipowaambia haigandishi, walipokutumia namba ya fundi, fundi alipouliza nyumba iko wapi. Usiyafute, na usibadilishe simu kabla hujayahifadhi. Mawasiliano ya namna hii yanapokelewa kama ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeliweka wazi. Kama mlizungumza kwa simu tu, andika leo kila unachokikumbuka: mwezi, saa za mchana au jioni, alikuja na chombo gani, alikaa muda gani, ulimlipa au hukumlipa. Kama jirani au binti yako mkubwa alikuwepo, mwambie aandike naye kwa maneno yake. Kisha waombe dukani nakala ya fomu ya kazi ya siku ile. Hawatakupa kirahisi, najua, lakini kukataa kwao nako utakuandika.

Risiti, je, bado inasomeka? Karatasi ya mashine ya EFD hufifia, hasa ikikaa kwenye joto au kwenye mkoba wa plastiki, na nimeshaletewa risiti za mwaka mmoja zilizobaki nyeupe kama hazijawahi kuandikwa. Ipige picha usiku huu huu, namba ya uhakiki ionekane. Ikiwa imeshafifia, nenda dukani uombe nakala. Mashine zile hutunza kumbukumbu.

Sasa ripoti ya fundi. Hapa ndipo ningekuomba utoe fedha kidogo bila kinyongo. Mtafute fundi wa friji mwingine, aliyesomea, kwa mfano aliyepita VETA, na umwambie mapema kwamba humtaki atengeneze. Unataka apime na aandike. Fundi anayetegemea kupata kazi ya 380,000 ana sababu ya kusema mota imekufa hata kama kilichokufa ni kifaa kidogo cha kuiwashia, ambacho kipo ubavuni mwa mota na bei yake haifiki hata robo ya hapo. Usicheke, hutokea sana: taa inawaka, mota inatoa mlio wa "tik" kila baada ya muda, na tatizo ni kifaa hicho tu.

Kaa naye anapopima. Atafungua kifuniko kidogo cha plastiki kwenye mota, utaona pini tatu zimepangwa kama pembetatu. Kwa mota ya kawaida, akipima kwa mita kati ya pini mbili mbili atapata vipimo vitatu, na viwili vidogo vikijumlishwa vinatoa kile kikubwa. Kama friji yako ni ya inverta, yaani mota yake hubadili kasi yenyewe, vitatu vyote vinatakiwa kukaribiana. Sehemu isiyosoma kabisa maana yake koili imekatika. Na pini ikisoma pamoja na gamba la chuma la mota, umeme unavujia kwenye gamba hilo, hiyo imeungua. Aziandike namba hizo. Halafu atafute mahali gesi inapovujia, kwa sabuni kwenye maungio yanayoonekana au kwa presha ya naitrojeni. Akikuta uvujaji uko ndani ya ukuta wa friji, kwenye bomba lililozikwa ndani ya povu, umepata ushahidi mzito kuliko wote, kwa sababu huko hakuna mkono wa mtu uliofika tangu friji itoke kiwandani. R600a inashika moto, kwa hiyo mtu asikaribie na kiberiti wala tochi ya kuchomelea mpaka gesi yote imetolewa na madirisha yako wazi.

Ripoti iwe na jina lake, sahihi, tarehe, namba ya friji kama ilivyo kwenye lebo, vipimo, na maoni yake ya chanzo. Ukurasa mmoja unatosha.

Tegemea hoja tatu kutoka kwa muuzaji. Atasema umeme wa Nkuhungu unapanda na kushuka. Kama ulikuwa na stabilaiza au kile kifaa cha kulinda friji, kipige picha; kama hukuwa nacho, hoja yake ina uzito kidogo, lakini umeme mbaya hautoboi bomba, na ndiyo maana ripoti ya uvujaji ni muhimu. Atasema vumbi. Dodoma ya Julai hadi Oktoba tunaijua, upepo unaingia hadi kabatini, na friji iliyobanwa ukutani bila nafasi ya kupumua kweli inaumia. Piga picha ilivyokaa kabla hujaisogeza. Tatu atasema ulipoihamisha uliilaza kwenye guta ukaiwasha hapo hapo. Kama waliifikisha wao nyumbani, hoja hiyo inawarudia.

Kuna la nne, na hili nakuomba usilifiche: barafu za ubuyu. Waranti nyingi za friji za nyumbani zinakataa matumizi ya biashara. Sheria ya Ushindani nayo inamtambua mlaji kuwa ni anayenunua kwa lengo lisilo la kuuza tena, na inamwacha nje anayenunua kitu akitumie kuzalisha bidhaa za kuuza. Friji ya familia ambayo kona moja ina vifuko vya ubuyu ni friji ya familia, kwa maoni yangu, lakini muuzaji akilijua hilo kwa mtu mwingine atalikuza. Liseme mwenyewe, kwa kiasi chake. Na hata akishinda hapo, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa haiulizi kama ulikuwa unauza barafu au hukuwa unauza.

Kuhusu "mali ikishauzwa hairudishwi", maneno haya yamechapwa kwenye risiti za nusu ya maduka ya nchi hii na watu wanayaogopa kama amri. Risiti ulipewa baada ya kulipa. Mkataba ulikuwa umeshafungwa, na sharti linaloletwa baada ya hapo halikubani kama hukulikubali kabla. Tena linaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo juu ya rangi. Kasoro ni habari nyingine. Na kumwambia mnunuzi "huna haki yoyote" wakati anazo ni jambo la hatari kwa muuzaji mwenyewe, kwa sababu Sheria ya Ushindani inakataza kumpotosha mlaji kuhusu haki na dhamana alizonazo.

Sasa udai nini? Usidai friji mpya, wala 1,350,000 yote. Umeitumia mwaka na zaidi, umeipokea, na sheria inamchukulia mtu aliyekwisha kuipokea bidhaa kuwa amepoteza nafasi ya kuikataa. Anachobaki nacho ni fidia ya kasoro. Ukidai kikubwa mno utaonekana mkorofi, na mazungumzo yatafia mlangoni. Mimi ningedai watengeneze kwa gharama zao, yaani mota, uvujaji na gesi, au walipe gharama za kutengeneza kwa fundi utakayemchagua. Wakija na pendekezo kwamba wao watoe mota na wewe ulipe ufundi, ningekushauri ulipokee. Kama uvujaji uko ndani ya ukuta wa friji, hapo mambo yanabadilika, kwa sababu kutengeneza kwa uhakika ni vigumu. Zungumzia kubadilishiwa na kuongeza tofauti kidogo.

Andika barua, usiende kwa mdomo tena. Iwe fupi, kwa mfano hivi:

"Kwa Meneja. YAH: FRIJI YENYE KASORO ILIYORIPOTIWA NDANI YA WARANTI. Tarehe (taja) nilinunua kwenu friji (aina na namba) kwa shilingi 1,350,000, risiti namba (taja). Mwezi (taja), waranti ikiwa hai, niliripoti kwamba haigandishi. Fundi wenu aliongeza gesi bila kurekebisha uvujaji. Tarehe (taja) friji ilisimama. Ripoti ya fundi iliyoambatanishwa inaonyesha (taja). Naomba mtengeneze kasoro hiyo kwa gharama zenu ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Nisipopata jibu, nitapeleka malalamiko kwenye Tume ya Ushindani na kuchukua hatua nyingine za kisheria."

Peleka nakala mbili. Moja wapokee, ya pili wakupigie mhuri na tarehe. Wakikataa kugonga mhuri, mpe kijana wa dukani mbele ya mtu uliyekwenda naye, kisha piga picha kurasa zote uzitume kwa WhatsApp kwenye namba ya duka. Kama chapa ya friji ina wakala mkuu Dar es Salaam, mtumie nakala pia. Wakala ana jina la kulinda kuliko duka, na nimeona mara kadhaa simu moja kutoka kwa wakala ikimlainisha muuzaji ambaye juzi alikuwa mkali.

Siku 14 zikipita, nenda Tume ya Ushindani, FCC. Una bahati unaishi mji wenye ofisi yao. Wenzako wa Manyoni au Kondoa inawabidi wapande basi. Huhitaji wakili kupeleka malalamiko huko. Andika maelezo kwa mpangilio wa tarehe na uambatanishe kila kitu. TBS, yaani Shirika la Viwango, wahusishe tu kama unaona aina nzima ya friji haina ubora, au haina alama inayotakiwa. Wana ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma, lakini kazi yao ni kuondoa bidhaa mbovu sokoni zaidi kuliko kukurudishia wewe fedha. Na kama ripoti ya fundi itaonyesha kwamba gesi imo yote na kilichoua mota ni umeme, muache muuzaji. Anza na TANESCO kwa maandishi, wasipokusikiliza uende EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, ambao makao makuu yao pia yako hapa hapa.

Mahakama ya Mwanzo ndiyo ya mwisho. Inapokea madai ya fedha ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, shauri lote linaendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kusimama mwenyewe. Kwa dai la 380,000 sikushauri uanze na mahakama, maana utapoteza siku nyingi za kazi, lakini kuitaja kwenye barua ya pili kuna faida yake, kwa sababu muuzaji naye anazihesabu siku hizo hizo.

Ukienda FCC au popote pengine, peleka nakala za risiti, ripoti na barua. Halisi baki nazo nyumbani.